Kibembea Kinachohesabu Mvua ya Tukuyu

Je, wajua kwamba kipimamvua cha kibembea, kinachojiendesha chenyewe, hakipimi maji? Kinahesabu tu. Chini ya faneli yake kuna vikombe viwili vidogo vilivyoungana mgongo kwa mgongo juu ya ekseli moja, mfano wa bembea ya ubao inayopandwa na watoto wawili. Kimoja kikijaa kinapinduka na kumwaga, na papo hapo mwenzake anakaa chini ya mdomo wa faneli. Tak! Kwa vifaa vingi kila mpinduko ni milimita 0.2 za mvua. Zidisha, umepata jibu. Wazo lenyewe ni la miaka ya 1660, la Christopher Wren, yule yule aliyechora kanisa la St Paul's la London, na tangu hapo halijabadilika sana.

Ukitafuta mahali pa kukitesa kifaa hiki, mji wa Tukuyu, Tanzania, unatosha. Upepo unaokuja umelewa unyevu wa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake haufiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, unakutana na mlima Rungwe wenye mita 2,960. Hauna pa kupita ila juu, na hewa ikipanda hupoa, ikipoa hushusha mzigo. Ndiyo maana mji hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma kwa kawaida haifikishi 600. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hiyo paa la bati la mita za mraba 50 hapa Tukuyu hupokea lita laki moja kwa mwaka, yaani matenki 20 ya lita 5,000. Na bado wapo wenye paa kama hilo wanaoshika ndoo kwenda mtoni, kwa sababu tu hawajafunga mfereji wa bati.

Mtu anayependa kuchokonoa vyombo nyumbani anaweza kujitengenezea kipimamvua bila kuagiza chochote cha gharama kubwa. Kipande cha bomba la plastiki, faneli, bati laini la kukunja vikombe, sumaku ndogo iliyong'olewa kwenye hedifoni mbovu. Kazi iko kwenye vipimo. Faneli yenye kipenyo cha sentimita 16 ina eneo la sentimita za mraba 201 hivi, kwa hiyo milimita 0.2 za mvua ni mililita 4 za maji. Kikombe kinatakiwa kipinduke hapo, si kabla wala baada. Bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa linamaliza ubishi: unadondosha maji polepole huku ukisoma mistari yake. Kisha unacheza na skrubu mbili ambazo vikombe hukalia. Hapa wengi huchanganyikiwa, maana ukipandisha skrubu ya kushoto, kinachopinduka mapema ni kikombe cha kulia.

Kuhesabu kunafanywa na swichi ya sumaku, kitu kidogo ambacho mimi nakihusudu kuliko vyote humo ndani. Ni vijani viwili vya chuma, vyembamba, vilivyofungiwa ndani ya kijibomba cha kioo. Aliyeibuni swichi hii ni Walter Ellwood wa maabara za Bell, Marekani, mwaka 1936. Sumaku iliyobandikwa kwenye kibembea ikipita mbele yake, vijani vinagusana na umeme unapita. Taabu ni kwamba chuma hurukaruka kikigusana. Bodi ya Arduino, kompyuta ndogo inayohesabu miguso hiyo, ina kasi ya kutosha kuona kila mruko, na mpinduko mmoja unaandikwa kama mitatu. Dawa yake ni mistari michache ya programu: baada ya mguso wa kwanza, usisikilize chochote kwa sehemu ya kumi ya sekunde.

Mengine ni ya mazingira. Jani la mparachichi linaziba faneli, buibui anatanda utando kwenye ekseli. Radi nayo haitaniwi: waya mrefu kutoka bustanini hadi sebuleni ni mwaliko, hivyo afadhali kifaa kiwe na betri yake huko huko nje na kitume hesabu kwa redio ndogo.

Sasa tuje kwenye udhaifu wenyewe. Kupinduka huchukua muda, na mvua haisubiri. Katika manyunyu ya milimita 2 kwa saa, kibembea kinapinduka kila baada ya dakika 6, hakuna kinachopotea. Lakini mvua ya Aprili ikimwagika kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, kinapinduka kila baada ya sekunde 7 hivi. Tuseme kila mara maji ya theluthi moja ya sekunde yanaingia kwenye kikombe kilichokwisha kuhesabiwa: karibu asilimia 5 ya mvua haikuandikwa. Yaani kadiri inavyonyesha sana ndivyo kifaa kinavyosema pungufu. Mwenye busara huweka ndoo chini yake ikinge kila kilichomwagwa, na saa 3 asubuhi, saa ambayo vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) husoma vipimamvua vyao, hupima maji ya ndoo na kuyalinganisha na mipinduko. Ndoo ndiyo hakimu. Mradi wa TAHMO, uliosambaza vituo vya hali ya hewa katika shule nyingi za Kenya na kwingineko Afrika, umekwepa tatizo hili kwa kutumia kipimamvua kisicho na kitu kinachosogea: chenyewe huhesabu matone.

Kuna upande wa pili ambao hausemwi sana. Mwezi wa Juni ukungu unashuka kutoka mlimani, kila kitu kinalowa, na kibembea kinasema sifuri. Hakikosei, kwani mililita 4 hazijatimia. Ila jirani mwenye shamba la viazi mviringo hajali mililita. Anachotaka kujua ni kama apige dawa ya bakajani chelewa, na ugonjwa huo hufuata majani yaliyokaa na maji kwa saa nyingi mfululizo kwenye baridi, hata kama hakuna mvua iliyonyesha. Kwa huyo inafaa kuongeza kibao chenye nyaya mbili za shaba zilizopangwa sambamba bila kugusana: ukishuka umande, umeme unavuka, kikikauka, haupiti. Kinachoandikwa hapo ni saa, si milimita. Umeme usiachwe ukipita muda wote, maana shaba italika na kutoa kutu ya kijani. Sekunde moja kila baada ya dakika 10 inatosha.