Mwaka Ambao Kuku Walitaga Garini

Wajukuu, sogezeni vigoda. Mwaka 2014 nilikuwa dereva wa watalii, Arusha mpaka Serengeti. Agosti ulikuwa msimu ambao silali nyumbani, lakini mwaka ule gari lilikaa uani hata kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma. Simu ziliita, naam, ila za kuvunja safari. Wageni waliogopa Ebola.

Ebola gani? Tanzania nzima haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Ugonjwa ulikuwa hasa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Nikaitandika mezani ramani ya shule ya mama yenu, nikapima kwa uzi kutoka Monrovia, mji mkuu wa Liberia, hadi Arusha. Kisha nikauelekeza uzi uleule Madrid, kule Hispania. Uzi ukabaki! Yaani aliyeghairi kuja kwangu akajikalia zake Madrid, alikuwa jirani zaidi wa Ebola hiyo kuliko mimi.

"Babu, kwa hiyo walikuwa wajinga?"

Hapana. Ebola si mzaha. Mpaka inakwisha mwaka 2016 ilikuwa imeua watu zaidi ya 11,000. Lakini haipeperuki hewani kama mafua. Hupita kwenye damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa, na mtu haambukizi kabla hajaanza kuumwa. Basi aliye hatarini ni nani? Ni mama anayemfuta mwanawe matapishi. Ni muuguzi. Ni jamaa wanaoosha maiti. Hao ndio waliostahili kupigiwa mbiu mapema, na ndio waliocheleweshewa. Ugonjwa ulianza Guinea mwishoni mwa 2013. Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa Agosti 8, 2014, watu karibu 1,000 wameshakufa.

Sasa sikieni ya Lagos, maana hii naipenda. Julai mwaka huohuo msafiri kutoka Liberia alishuka na ndege pale, hoi. Lagos, wanangu, ni mji wa mamilioni ya watu wanaogongana mabega. Daktari Ameyo Stella Adadevoh akakataa kumwachia atoke hospitali, ingawa alishinikizwa. Yeye mwenyewe akaambukizwa, akafa. Wenzake hawakufunga mji wala kupiga mayowe. Walitafuta kila aliyekutana na wagonjwa, watu karibu 900, wakawa wanabisha hodi mlango kwa mlango na kipimajoto: una homa? Siku 21, kwa kuwa huo ndio muda mrefu zaidi ambao Ebola hujificha mwilini kabla mtu hajaanza kuumwa. Nigeria nzima walipatikana wagonjwa 20, wakafa 8. Oktoba 20 ikatangazwa kuwa Ebola imekwisha huko.

Huo nao ulikuwa woga, msidhani walikuwa majasiri tu. Ila ulikuwa na orodha mkononi.

Mgeni wangu wa kwanza alikuja Novemba. Alishuka uwanjani kwa barakoa na glavu, hata mkono hakunipa. Usiku, kambini, akakataa mlango wa hema ufungwe na chandarua kishushwe, eti vinamtia joto. Na malaria, mnajua wenyewe, huua watu mamia ya maelfu kila mwaka. Nikasimama pale nje na taa yangu, mbu wakinila shingo, nambembeleza mtu mzima kama ninavyowabembeleza nyinyi mnywe dawa.