Chawa wa Samaki na Dawa ya Pamba

Leo nasema na wenye mabwawa ya sato huku Shinyanga na Geita. Samaki wakijisugua ukingoni na kurukaruka hovyo, mvueni mmoja mumkague ngozi na mapezi. Chawa wa samaki ni mdudu bapa, aonekanaye kwa macho. Anafyonza damu na kuacha vidonda.

Ninachohofia mimi ni ile chupa ya dawa ya pamba iliyo uvunguni. Dawa za jamii ya pareto huua samaki kwa matone machache tu, na huyo samaki tunamla!

Wakiwa wachache, ng'oeni chawa kwa kibano. Mayai hugandishwa kwenye mawe na miti. Hivyo mkishavua wote, kausheni bwawa kabisa. Samaki wapya kutoka ziwani watengeni kwanza, muwakague.