Kufuma na Kufumua: Riwaya ya Upelelezi Tulivu, Duka la Fundi na Mustakabali wa Kiswahili Nchini Uganda

Ikisiri

Makala haya yanajadili kijitanzu cha riwaya ya upelelezi ambacho mandhari yake ni duka la ushonaji na kazi za mikono, na ambacho hufumbua mauaji bila kumwonyesha msomaji umwagaji wa damu. Hoja kuu ni kwamba kijitanzu hiki kinafaa kuwa nyenzo ya usomaji wa ziada kwa wanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda, kwa sababu kinakiweka Kiswahili mahali ambapo kimekaa kwa muda mrefu bila kuogopwa. Ushahidi umetolewa katika maeneo matatu: muundo wa kijitanzu chenyewe, historia ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, na msamiati wa ushonaji unaoziunganisha lugha za Kiswahili na Luganda. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo matatu kwa watunga sera.

Maneno makuu: riwaya ya upelelezi, riwaya pendwa, ushonaji, msamiati, sera ya lugha, Uganda

1.0 Utangulizi

Mwaka 2005, marekebisho ya Katiba ya Uganda yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020, mtaala mpya wa ngazi ya chini ya sekondari ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sera, basi, ipo. Swali ambalo halijapata jibu la kutosha ni hili: mwanafunzi akishafunga kitabu cha kiada, asome nini kwa hiari yake?

Swali hili lina uzito wa pekee jijini Kampala. Waganda wengi wa kizazi kilichopita walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari. Kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za ukoloni, na mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa njia ya amri. Katika miaka hiyohiyo, huko Nakasero, yalikuwako makao ya State Research Bureau, ambako raia walizuiliwa, wakateswa na kuuawa. Lugha iliyobebeshwa kumbukumbu ya namna hiyo haiwezi kupendwa kwa nguvu ya mtaala peke yake.

Hata hivyo, Nakasero ina sura nyingine. Ukiteremka kilima hicho unalikuta soko la Nakasero. Nyuma ya Jumba la Taifa la Maonyesho, lililofunguliwa mwaka 1959, na kando ya Buganda Road, vimepangana vibanda vya kazi za mikono: vikapu, mikeka, shanga, nguo za kudarizi, na mikoba ya lubugo, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba, ambayo ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Makala haya yanadai kwamba fasihi ya Kiswahili inayohitajika Uganda inaweza kuanzia katika vibanda hivyo.

2.0 Kijitanzu na Kanuni Zake

Riwaya ya upelelezi tulivu ina kanuni chache zinazotambulika. Mpelelezi si askari wala mwajiriwa wa serikali. Ni mtu wa kawaida anayewajua majirani zake. Mauaji hutokea nje ya macho ya msomaji. Jamii ni ndogo, na kila mshukiwa ana uhusiano na mwenzake. Mwishoni ukweli hujulikana, na jamii hurejea katika hali ya kuaminiana.

Mama wa wapelelezi hao ni Miss Marple wa Agatha Christie, aliyejitokeza katika riwaya ya The Murder at the Vicarage mwaka 1930. Ni bibi mzee ambaye mara nyingi huonekana akifuma sweta huku akisikiliza. Ufumaji wake ni kinga, kwa kuwa hakuna amwoneaye shaka mzee mwenye uzi mkononi. Waandishi wa Marekani waliufanya ufundi huo kuwa mandhari kamili. Earlene Fowler alichapisha Fool's Puzzle mwaka 1994, akiujenga mfululizo wake juu ya ushonaji wa mablanketi ya viraka. Monica Ferris alifuata mwaka 1999 na Crewel World, ambamo Betsy Devonshire anarithi duka la nyuzi na tarizi katika mji mdogo wa Excelsior, Minnesota, baada ya dada yake kuuawa. Maggie Sefton naye alianza mfululizo wa duka la nyuzi za kufumia mwaka 2005 kwa Knit One, Kill Two. Ni desturi ya vitabu hivi kumpatia msomaji kielelezo cha kushona au kufuma mwishoni, kiasi kwamba anayefunga kitabu huwa amepata hadithi na ujuzi kwa pamoja.

Duka la ushonaji linaufaa utanzu huu kwa sababu tatu. Kwanza, ni mahali pa wazi ambapo tajiri na maskini huingia bila kualikwa. Pili, kazi yenyewe ni ya polepole, nayo huzaa mazungumzo. Mteja anayepimwa mabega husema mengi asiyoulizwa. Tatu, fundi amezoea kuona kisichoonekana na wengine. Anaujua mshono wa mkono na wa cherehani, anatambua pindo lililofumuliwa na kushonwa upya, na hung'amua kwamba kifungo kimoja kimekazwa kwa uzi usio wa asili. Huo ndio uchunguzi ambao mpelelezi huuhitaji.

3.0 Bwana Msa na Njia Iliyoachwa

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa upelelezi wa utulivu. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957/58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Ndani yake tunakutana na Bwana Msa, mtu wa kiko na tafakuri, pamoja na sahibu yake Najum. Mara nyingi Bwana Msa hulinganishwa na Sherlock Holmes, lakini ulimwengu wake ni wa Kizanzibari: ukoo, urithi, ndoa, siri za nyumbani na imani za watu. Silaha yake ni kuuliza, kusikiliza na kuoanisha habari. Mfululizo huo uliendelea kwa Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984).

Wakati Bwana Msa akiendelea, riwaya pendwa ya Tanzania Bara ilishika mkondo tofauti. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na Ben Mtobwa akamtambulisha Joram Kiango. Kasi iliongezeka, bastola zikaingia, na upelelezi ukawa wa kitaifa na kimataifa. Mkondo huo ulipata wasomaji wengi na haustahili kudharauliwa. Lakini kwa nchi ambayo Kiswahili kilihusishwa na mtu mwenye bunduki, shujaa mwenye bunduki anayezungumza Kiswahili hawezi kuwa mlango wa kwanza. Mlango huo alikwisha kuufungua Bwana Msa, na haukufungwa, ulipitwa tu.

4.0 Ushahidi wa Msamiati

Kiswahili hakikuingia Uganda kwa njia ya kambi za jeshi pekee. Katika miaka ya 1840, enzi za Kabaka Suuna II, wafanyabiashara kutoka pwani walifika Buganda, na miongoni mwa bidhaa zao ilikuwamo nguo. Nguo ilikwenda pamoja na majina yake. Hadi leo Luganda hutumia ekkanzu (kanzu), essaati (shati), ekitambaala (kitambaa), ekyalaani (cherehani) na omusono (mshono, na kwa kupanuka kwa maana, mtindo wa mavazi). Nguo za mitumba huitwa emivumba. Mzungumzaji wa Luganda ayatamkapo maneno haya hahisi kwamba anasema lugha ya askari.

Mfano ulio wazi zaidi ni gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Buganda. Masimulizi yanayojulikana sana yanalihusisha jina lake na fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, na umbo lake na sare ya shule ya wasichana ya Gayaza, iliyoanzishwa mwaka 1905. Mvaaji hutanguliza kikooyi, yaani kikoi, ndani ya gomesi, kisha hujifunga ekitambaala kiunoni. Vazi linalochukuliwa kuwa kielelezo cha utambulisho wa Buganda limebeba, katika tabaka zake, jina la Kigoa na maneno mawili yanayoshirikiwa na Kiswahili.

Uhusiano ni mkubwa zaidi katika mzizi -tung-, ambao ni wa urithi wa Kibantu na wala si mkopo. Katika Luganda, okutunga ni kushona, na fundi wa nguo ni omutunzi. Katika Kiswahili, kutunga ni kupitisha uzi katika shanga, na pia ni kubuni hadithi au shairi. Mtunzi ni mwandishi. Mwanafunzi wa Kampala anayekutana na neno mtunzi katika somo la fasihi anaweza kulielewa kwa kumfikiria fundi wa mtaani kwake.

Kiswahili kina hazina nyingine inayoshabihiana na kijitanzu hiki, nayo ni kauli ya kutendua. Anayefuma huweza kufumua, aliyefumba huweza kufumbuliwa, kilichotegwa hutegulika, kilichotatizika hutatuliwa, kilichokunjwa hukunjuliwa. Vitenzi vya kazi ya uzi na vitenzi vya kazi ya akili hujengwa kwa mofimu moja. Mwalimu anayefundisha mnyambuliko huo kwa orodha ya ubaoni hupambana na usahaulifu wa wanafunzi. Riwaya ambamo fundi anafumua pindo ili afumbue siri hufundisha mofimu hiyohiyo bila kuitaja.

5.0 Fumbo Lingekuwaje Kampala

Ili hoja isibaki ya kinadharia, tuchukue mfano wa kubuni. Mama mwenye kibanda chini ya kilima cha Nakasero anapokea gomesi ya marehemu ili ipunguzwe kwa ajili ya binti yake. Gomesi huwa na vifungo viwili upande wa kushoto wa kifua. Kimoja kimeshonwa kwa mkono wa fundi. Cha pili kimekazwa kwa haraka na mtu asiyejua kufunga fundo. Msaidizi wake ni kijana wa West Nile, ambako Kiswahili kinafahamika zaidi kuliko Luganda. Wawili hao hulazimika kuelewana kwa Kiswahili, kila mmoja akiongeza cha kwao. Kijana anamwita “nnyabo”, naye anamjibu “mwanangu”.

Fumbo hilo lingeweza kuongoza kwenye jambo zito. Mwaka 1972, serikali ya Amin iliwafukuza Waasia, wakiwamo wenye maduka ya nguo na mafundi, na mali zao zikawekwa chini ya bodi maalumu ya usimamizi. Katika riwaya ya Ferris, kurithi duka ni jambo la wosia. Jijini Kampala, swali la nani mwenye duka lina historia ya dhuluma, ya mikono iliyopokezana funguo, na ya watu waliorejea miaka mingi baadaye. Kwa hiyo, utulivu wa kijitanzu hauna maana ya wepesi wa maudhui. Utulivu ni namna ya kulizungumza jambo la kutisha kwa sauti ambayo watu wanaweza kuivumilia.

Pwani nayo ina lake la kuchangia. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana, na kila kipande kina pindo, mji na jina. Kipande kimoja kikionekana mahali pasipo pake, swali huzuka papo hapo: mwenzake yuko wapi, na jina lake lilikusudiwa kwa nani?

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la wahakiki: riwaya pendwa ni nyepesi na haifai darasani. Jibu ni kwamba makala haya hayapendekezi iwe kitabu cha kutahiniwa. Usomaji wa hiari huhitaji taharuki, na msomaji anayeanza huhitaji msamiati unaojirudia katika mazingira yanayoonekana. Duka la fundi hutoa vyote viwili.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kijitanzu hiki kilikulia katika jamii ambazo ushonaji kwao ni burudani ya wenye nafasi. Kampala, cherehani ni riziki. Fundi hudaiwa kodi ya kibanda, hushindana na mitumba, na huenda hajawahi kushona kwa ajili ya kujifurahisha. Riwaya itakayoiga duka la Minnesota itakuwa ya uongo. Mwandishi hana budi kuingiza bei ya kitambaa, deni na umeme uliokatika katika fumbo lenyewe. Wahalifu wengi wa hadithi husukumwa na fedha. Katika duka la fundi, fedha hiyo inaweza kuhesabiwa hadi shilingi ya mwisho.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba riwaya ya upelelezi tulivu ina mzizi katika fasihi ya Kiswahili, na kwamba msamiati wa duka la fundi ni eneo ambalo Kiswahili na Luganda vilikwisha kuzoeana bila shuruti. Yanapendekeza hatua tatu.

Kwanza, taasisi zinazosimamia Kiswahili, ikiwamo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, ziendeshe shindano la riwaya fupi za upelelezi kwa waandishi wanaoishi Uganda. Bwana Msa alitokana na shindano la taasisi ya umma. Njia hiyo imekwisha kujaribiwa na kufaulu.

Pili, kila riwaya itakayochapishwa iambatanishwe na faharasa ya istilahi za ufundi katika Kiswahili na lugha mojawapo ya Uganda, pamoja na kielelezo cha kazi ya mikono. Faharasa hizo zikusanywe kwa mafundi wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaojua subana huitwaje Arua na huitwaje Masaka.

Tatu, wahariri wakubali Kiswahili cha Kampala katika midahalo ya wahusika, pamoja na ssebo na nnyabo wake, huku usimulizi ukibaki sanifu. Mwanafunzi akiisikia sauti ya mtaa wake ndani ya kitabu, atatambua kwamba lugha hii ilikuwa ikisemwa kwa fundi wa jirani muda mrefu kabla ya kuletwa darasani.