Pesa zinazochangwa ndani ya kompyuta: jamaa na viongozi wajue nini?



Mara nyingi mgeni hufika kambini na mashine ya kupiga picha. Anaongea na watoto, anapiga picha mahema na foleni ya maji, kisha anaenda zake. Miezi inapita, uvumi unaanza: "Picha zetu ziliuzwa Ulaya, na pesa zimeliwa na wakubwa." Uvumi wa namna hiyo huweza kugombanisha kiongozi na watu wake, hata kama hakupokea franga moja. Ndiyo maana tunaona vema kueleza njia moja mpya ambayo mashirika hutumia kutafuta msaada. Mtu anayeelewa njia ya pesa hadanganyiki upesi, wala hamshitaki mwenzake bure.

Dunia ya kompyuta ni nini?

Mwaka 2003 kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani, ilifungua dunia inayoitwa Second Life. Ni dunia ya picha. Mtu anaketi nyumbani kwake mbele ya kompyuta na kujitengenezea umbo la mtu, ambalo huitwa avata. Avata hutembea, huongea na wengine, hujenga nyumba, hununua nguo, hata huhudhuria mikutano. Watu wa nchi mbalimbali hukutana humo saa moja bila hata mmoja kuondoka kwake.

Dunia hiyo ina pesa zake, zinazoitwa dola za Linden. Katika miaka ya 2000 dola 1 ya Marekani ilibadilishwa kwa dola za Linden 250 au zaidi. Tena zinaweza kurudishwa kuwa dola za kweli. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo: nguo anayonunua avata ni picha tu, lakini pesa iliyoinunua ni ya kweli.

Michango inafanyika namna gani?

Mwaka 1985 daktari mmoja wa upasuaji, Gordon Klatt, alizunguka uwanja wa michezo mjini Tacoma, Marekani, kwa saa 24. Marafiki walichanga dola 27,000 kwa ajili ya kupambana na ugonjwa wa kansa. Kutoka hapo yalizaliwa matembezi ya kila mwaka ya shirika la American Cancer Society. Mwaka 2005 matembezi hayo yaliingizwa ndani ya Second Life. Avata walizunguka njia, vikundi viliuza nguo na vitu vya picha, na watu walinunua taa za kuwakumbuka wapendwa wao waliokufa. Mwaka wa kwanza zilipatikana karibu dola 5,000. Mwaka 2006 zilizidi 40,000, na mwaka 2008 zilipita 200,000.

Tazameni jinsi kiasi kilivyokua. Hakuna tajiri mmoja aliyefungua mfuko. Watu wengi walitoa kidogo kidogo, kwa sababu walitembea pamoja na kuwakumbuka watu wao pamoja. Kina mama wa likelemba wanaelewa jambo hili kuliko sisi: mchango hudumu pale watu wanapofahamiana na kuaminiana.

Hadithi ya wakimbizi ndani ya dunia hiyo

Mwaka 2006 watetezi wa watu wa Darfur, Sudan, walijenga humo mahali palipoitwa Camp Darfur. Palikuwa na mahema na picha za wakimbizi, ili mgeni apite, aone na aulize. Nia kubwa ilikuwa kufundisha. Lakini waharibifu waliingia na kupaharibu. Wengine waliopenda haki walijitolea kupalinda, na mahema yakasimamishwa tena. Hata mahali ambapo hakuna risasi, kuna watu wasiotaka habari ya mateso isikike, na kuna wengine wanaokubali kuilinda.

Baadaye ilikuja miwani maalum: mtu akiivaa anaona picha pande zote, kana kwamba amesimama mahali penyewe. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulitoa filamu fupi, Clouds Over Sidra, kuhusu msichana Msiria wa miaka 12 katika kambi ya Zaatari, Yordani. Anaonyesha darasa lake, uwanja wa mpira na jamaa yake wakila pamoja. Ilionyeshwa kwa viongozi na matajiri huko Davos, Uswisi, kisha kwa wapita njia mijini. Umoja wa Mataifa ulisema kwamba kati ya wapita njia sita walioitazama, mmoja alikubali kutoa mchango, na kwamba hiyo ilikuwa mara mbili ya kawaida. Mtoto yule hakuonyeshwa akiwa analia na kuomba. Alionyeshwa kama mtu mwenye akili na matumaini, na watu walitoa.

Faida ina gharama zake

Msifikiri kwamba kila shirika lilipata pesa huko. Mwaka 2007 kufungua kisiwa kizima ndani ya Second Life kuliweza kugharimu dola 1,675, na kodi ilikuwa dola 295 kila mwezi. Kwa hiyo mwaka 2007 shirika la TechSoup lilikusanya mashirika mengi kwenye kisiwa kimoja, yakawa majirani. Kampuni ilipoondoa bei nafuu ya mashirika mwaka 2011, mengi yalihama. Kisiwa kizuri kisicho na wageni ni hasara tu.

Second Life bado ipo, lakini michango mikubwa imepata njia nyingine. Watu stadi wa michezo ya kompyuta hucheza mchana na usiku huku maelfu wakiwatazama kwa intaneti na kutoa pesa. Mwaka 2019 mkutano mmoja wa namna hiyo, Summer Games Done Quick, ulikusanya zaidi ya dola milioni 3 kwa ajili ya MSF, shirika ambalo wengi wetu tunalijua kwa hospitali zake hapa Kivu.

Maswali ya kumwuliza mwenye kamera

Hadithi yako ni mali yako. Kabla ya kukubali, uliza:

1. Wewe ni nani, na shirika lako ni lipi?
2. Picha yangu itaonekana wapi? Kumbuka kwamba waliokufukuza kijijini nao wana simu. Unaweza kuomba uso, jina na mahali ulipo vifichwe.
3. Pesa zikipatikana, zitafanya kazi gani, na wapi? Mara nyingi huingia katika mfuko wa nchi nyingi, si katika kambi iliyopigwa picha. Afadhali isemwe mapema.
4. Nikikataa, msaada wangu utakatwa? Jibu la haki ni "hapana".
5. Utarudi kutuonyesha ulichotengeneza?

Kwa mtoto, mzazi au mlezi aulizwe, na mtoto mwenyewe pia.

Kwa viongozi

Mgeni akifika, mpokeeni mbele ya kamati, wanawake na vijana wakiwamo. Andikeni tarehe, jina la shirika na ahadi zilizotolewa, kisha someni maandishi hayo katika kikao cha wote. Kama hakuna pesa iliyoahidiwa, semeni wazi hivyo. Na yeyote anayedai malipo ili "akuandikishe kwa mfadhili wa intaneti" ni mdanganyifu. HCR haiuzi huduma zake kwa wakimbizi.

Watu walio mbali wanaweza kutusaidia kwa njia ambazo babu zetu hawakuziota. Sisi nasi tuna kazi yetu: kuhakikisha kwamba habari inayotoka kwetu ni ya kweli, imetolewa kwa hiari, na hailetei jirani hatari. Someni makala hii pamoja na wasiojua kusoma, mwaulize viongozi wenu, mjibizane kwa upole.

Amani iwe nanyi.