Neno "Mauzo" Kwenye Mkataba wa Duka

Mpangaji na mwenye jumba la maduka wanaweza kuvutana wiki nzima juu ya asilimia: huyu anataka tano, yule nane. Wakishakubaliana wanatia saini, na neno linalofuata ile asilimia halisomwi mara ya pili. Neno hilo ni "mauzo", na ndilo huwapeleka mahakamani.

Mpango wenyewe uko hivi. Mpangaji hulipa pango la msingi kila mwezi, biashara iwe imechangamka au imedoda. Mauzo yakipita kizingiti kilichotajwa, huongeza asilimia fulani ya kile kilichozidi. (Nasema pango, wala sisemi kodi, kwa sababu kodi ya serikali inakuja sasa hivi na sitaki tuzichanganye.) Mara nyingi kizingiti hupatikana kwa kugawanya pango la msingi la mwaka kwa ile asilimia.

Chukua duka la viatu Nairobi. Pango la msingi ni shilingi 200,000 kwa mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Asilimia ni 6, kwa hiyo kizingiti ni milioni 40. Mwaka unaisha, risiti zote zinajumlishwa, zinafika milioni 50. Mwenye jumba anaona milioni 10 zimezidi na anadai 600,000. Mpangaji anapinga: ndani ya hizo milioni 50 mna VAT ya asilimia 16, fedha ambazo yeye huikusanyia serikali tu. Akiitoa, mauzo yanabaki kama milioni 43.1 na deni linashuka hadi takriban 186,000. Hakuna aliyedanganya, na kila mmoja amepiga hesabu sawasawa. Zaidi ya shilingi 400,000 zinategemea neno moja.

Hakimu haanzi kwa kuuliza nani kaonewa. Husoma maneno kwa maana yake ya kawaida, kisha huyapima na mkataba mzima. Kama kifungu kinatoa viatu vilivyorudishwa na wateja lakini kimenyamaza kuhusu VAT, mwenye jumba atasema kilichokusudiwa kutolewa kilitajwa. Mpangaji atajibu kwamba fedha za serikali hazijawahi kuwa mauzo ya mtu. Utata usipoisha, kifungu kinaweza kufasiriwa dhidi ya aliyekiandika, ambaye kwa kawaida ni mwenye jumba. Nawasihi wapangaji wasiitegemee kanuni hiyo. Hufikiwa mwisho, pale njia nyingine zote zimeshindwa. Wala ahadi ya mdomo ya siku ya kukabidhiwa funguo haisaidii sana, kwani sheria ya ushahidi ya Kenya, isipokuwa kwa sababu maalumu, hairuhusu maneno ya mdomo kupinga mkataba ulioandikwa.

Kipindi cha kuhesabu nacho kina madhara yake. Tuseme duka lile liliuza milioni 2.5 kila mwezi, na Desemba likauza milioni 9. Jumla ya mwaka ni milioni 36.5, chini ya kizingiti, hivyo hakuna cha kuongeza. Lakini mkataba ukihesabu mwezi kwa mwezi, Desemba peke yake inazaa deni la 340,000, na ile miezi kumi na mmoja dhaifu haimpunguzii mpangaji hata senti.

Siku hizi kuna mteja wa Kisumu anayeagiza kwa simu, akalipa kwa M-Pesa, na mzigo ukatoka stoo iliyo mbali na jumba. Je, hayo ni mauzo "yaliyofanywa dukani"? Kwangu, kiatu ambacho hakikupita dukani na hakikuuzwa na mhudumu wa hapo hakihesabiwi, labda mkataba useme wazi. Aliyekijaribu dukani kisha akakiagiza kwa simu ni suala gumu zaidi, maana jumba ndilo lililomleta.

Na je, mpangaji akipunguza biashara? Philadelphia, kiwanja kilikodishwa kwa mwosha magari kwa asilimia 12.5 ya mapato, kima cha chini kikiwa dola 1,800 kwa mwaka. Mpangaji akahamia kwenye kung'arisha magari, uoshaji ukawa wa nyongeza tu. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ilikataa kumtoa: mwenye kiwanja alikuwa na kima cha chini cha kumlinda, na mkataba haukumlazimisha mpangaji kuendesha biashara kwa kiwango fulani. California, mwaka 1988, mahakama ya rufaa iliangalia kituo cha mafuta kilichofungwa kabla mkataba wake wa miaka 20 haujaisha. Ilisema kwamba kama kima cha chini, dola 1,000 kwa mwezi, hakikumpa mwenye ardhi pato la haki, wajibu wa kuendelea na biashara unaweza kusomwa ndani ya mkataba hata kama haukuandikwa.

Kwa hiyo mwenye jumba anayekubali pango dogo la msingi kwa tamaa ya asilimia aandike wazi siku na saa ambazo duka litakuwa wazi, na mpangaji azisome kabla ya kutia saini.