Kwenda Kampala Bila Kazi Mkononi

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo lililomo katika nyumba nyingi hapa Nakivale, ingawa baba na mama wanalizungumza usiku watoto wakishalala: tubaki hapa, ama tufunge mizigo twende Kampala, kazi tutaitafuta huko huko?

Hatuwezi kuwaambia watu msiende. Mwaka 2023 chakula kilianza kugawiwa kwa makundi, na mwaka 2025 familia nyingi ziliondolewa kabisa kwenye orodha. Mzazi mwenye sufuria tupu hawezi kukaa tu anangoja. Tena hakuna anayevunja sheria. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kutembea nchini na kufanya kazi, na wenzetu waliokimbilia nchi nyingine za jirani wanatuonea wivu kwa hilo. Basi swali si kwenda ama kutokwenda. Swali ni nani aende, na aende na nini mfukoni.

Sisi tunaona hivi: aende mtu mmoja kwanza. Familia nzima kupanda gari siku moja, na magodoro juu, ndiyo safari tunayoiogopa.

Sababu ni chumba. Kule mjini hautaanza na kazi, utaanza na chumba. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa mbele, na mwenyekiti wa LC anataka kukujua wewe ni nani na umetoka wapi. Tuseme chumba ni shilingi 100,000 kwa mwezi, na mwenyewe anadai miezi mitatu: hizo ni 300,000 kabla haujanunua hata kilo ya posho. Halafu maji ni ya kununua kwa jerikani, makaa ni ya kununua, na pale katikati ya mji hata choo unalipia. Aliyeuza mbuzi wake wote ili familia isafiri pamoja, nauli peke yake inammaliza. Mtu mmoja anaweza kulala kwa ndugu kwa wiki mbili tatu. Watu saba hakuna ndugu atakayewavumilia, hata awe mtu wa kijiji chenu.

Kazi yenyewe inapatikana kwa mdomo wa mtu. Wakongomani wengi wanakaa Nsambya, Katwe na Makindye, na huko habari ya kazi inapita kanisani, msikitini, saluni, kwa fundi cherehani. Diploma yako iweke vizuri, lakini mwezi wa kwanza hakuna atakayeiuliza. Mwalimu anabeba mchanga wa kujengea, bwana, na anashukuru. Akina mama wengi wanachukua vitenge kwa mkopo na kuvitembeza. Hiyo inalisha watoto, ila mwenye kutembeza bidhaa barabarani anakimbizana na askari wa jiji; Januari 2022 wachuuzi waliondolewa katikati ya Kampala, na mzigo ukichukuliwa, deni la kitenge linabaki palepale. Ni afadhali kuzunguka mitaa ya makazi, mlango kwa mlango.

Jambo lingine ni lugha. Serikali ilikubali mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, lakini sokoni wazee bado wanakikumbuka kama lugha ya wanajeshi. Jifunzeni Luganda mkiwa bado hapa. Anayejua kusema ssebo na nnyabo, na kuuliza ssente mmeka, hata bei anapewa nyingine.

Sasa mke ama mume anayebaki. Huyu ndiye analinda mambo yote: shamba la mahindi na maharagwe, nyumba isiingiliwe, na karatasi ya familia. Mkimbizi aliyeandikishwa mjini anahesabiwa kwamba anajitegemea, mgao wa chakula hapati. Na jina lililobaki hapa linataka mwenyewe aonekane siku ya uhakiki. Kwa hiyo anayeondoka aache nauli ya kurudia, aifiche kabisa, isiguswe hata kwa chakula. Tunajua familia ambayo baba alipigiwa simu kwamba uhakiki ni kesho, akawa hana hata ya kufika Mbarara.

Pangeni pia muda. Mkubaliane kabla ya safari: miezi mitatu, ama minne, chumba kisipokuwa kinalipwa kwa pesa iliyopatikana kule kule, anarudi nyumbani, na hakuna wa kumcheka. Kikilipwa, hapo ndipo watoto wanafuata, na wafuate wakati wa likizo. Barua ya uhamisho ya shule muiombe kabla muhula haujafungwa, maana mwalimu mkuu akishaondoka hamtampata mpaka shule ifunguliwe.