Kipimo Hurithishwa kwa Mkono

Tangu siku za ukuruta askari hufundishwa kuitunza silaha yake kama mboni ya jicho. Huisafisha, huipaka mafuta na hujua kila kiungo chake kwa jina. Lakini ni mara chache sana sisi askari kumfikiria mtu ambaye silaha hiyo, gari la doria, hata pingu za mwenzetu polisi, zilipita kwanza mikononi mwake. Mtu huyo ni fundi wa chuma. Leo twapenda kumzungumzia yeye, na hasa hatari iliyo kubwa kuliko kutu: ujuzi wake kuzikwa pamoja naye.

Tulipokuwa jijini Lilongwe, nchini Malawi, tulisimama kwenye karakana moja ya kando ya barabara katika mtaa wa Area 18. Nje palipangwa mageti, madirisha ya nondo na majiko ya mkaa ambayo Wamalawi huyaita mbaula. Ndani, mzee mmoja mkerezaji alikuwa akitengeneza shafti ya mashine ya kusaga mahindi. Aliikwangua kidogo, akasimamisha mashine, kisha akampa mwanagenzi wake kalipa na kusogea kando. Kijana akapima na kutaja kipimo. Mzee akatikisa kichwa. Kijana akachukua kitambaa, akafuta mafuta na chengachenga za chuma, akapima upya. Safari hii alipata kipimo kingine. Mwenyeji wetu akatutafsiria maneno ya mzee kutoka Kichewa: "Mara ya kwanza ulipima uchafu."

Mzee hakumkaripia, wala hakumpokonya kazi. Alimwacha alione kosa kwa macho yake mwenyewe. Shafti ikiwa nene kupita kiasi, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, haiingii katika beringi. Ikiwa nyembamba, hucheza, hupata moto, na mwisho huvunjika. Siku hiyo akina mama hurudi nyumbani na mahindi yao kichwani bila unga. Kwetu sisi matokeo huwa mabaya zaidi. Pini ya bunduki iliyokerezwa ovyo, au breki ya lori mlimani, haina huruma kwa mtu.

Asidhani mtu kwamba ustadi wa chuma uliletwa Malawi na wageni. Wachewa wa Kasungu na Waphoka wa kaskazini waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri ndefu za udongo. Hewa iliingia yenyewe kwa mirija iliyopangwa chini ya tanuri, bila mtu kuvuta mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri ndogo yenye mivukuto, ndipo kikafuliwa kuwa majembe na silaha. Zilipoenea bidhaa za chuma kutoka ng'ambo, tanuri zile zilipoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti walipotaka kuiona kazi hiyo, iliwabidi wategemee kumbukumbu za wazee. Hakuna jeshi lililouteka ujuzi huo. Ulikosa wanagenzi tu.

Huko Ulaya nako, kulikotoka mashine za kisasa za kukereza, ujuzi ulipita kwa njia hiyo hiyo ya mkono hadi mkono. Henry Maudslay alizaliwa mwaka 1771 Woolwich, Uingereza, penye maghala na karakana za silaha za jeshi. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza kazi humo ya kujaza baruti, kisha akahamia kwa wahunzi. Alipokuwa na karakana yake mwenyewe alitengeneza chombo cha kupimia chenye usahihi wa ajabu, akakiita "Lord Chancellor", jina la hakimu mkuu wa nchi yake. Maana fundi wawili walipobishana juu ya kipimo, hukumu ya chombo hicho haikukatiwa rufaa.

Miongoni mwa waliofunzwa kwake alikuwamo Joseph Whitworth, aliyeeneza siri ya kupata uso wa chuma ulionyooka kabisa. Vibao viwili vya chuma vikilinganishwa kwa kupakwa rangi, vyaweza kugusana vizuri ilhali kimoja kimebinuka na kingine kimebonyea. Lakini kikiongezwa cha tatu, na kila kimoja kikalinganishwa na wenzake wawili, uongo huo hufichuka, na fundi hukwangua kidogo kidogo mpaka vyote vitatu vinyooke. Mwaka 1841 Whitworth huyo huyo alipendekeza vipimo vya aina moja kwa meno ya skrubu. Kabla ya hapo kila karakana ilikata meno yake, na bolti ya huku haikuingia katika nati ya kule. Askari anayebadilisha kipuri porini leo anafaidi kazi ya ukoo huo wa mafundi.

Kutoka Lilongwe, yapata kilomita 40 na ushei, ipo Dzaleka, wilayani Dowa. Zamani palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi. Iliandaliwa kwa watu wasiozidi 12,000, nayo imepokea zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika kila upande. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa mijini warejee kambini. Sheria ni sheria, nasi wa vyombo vya ulinzi tunaijua. Hata hivyo, fundi anayekaa miaka bila mashine hupoteza wepesi wa mkono, na kijana anayekaa karibu naye bila kufundishwa hupoteza zaidi. Jiriwa moja, tupa chache na kalipa nzima vyatosha kuanzia darasa.

Na sisi kambini mwetu tujiulize. Kila karakana ya kikosi inaye sajini anayetambua ugonjwa wa mashine kwa kusikiliza mlio wake. Je, amekabidhiwa kijana wa kusimama kando yake? Hatuna budi kumpa huyo kijana mapema, kabla ya barua ya kustaafu. Na kijana akipima vibaya, apewe kitambaa, afute, apime tena.